Mjadala: Mfululizo ukisharushwa runingani, mwenyewe ana ruhusa ya kuugeuza anapoutoa kwa ajili ya nyumbani?

Mleta mada

Wakuu, wiki iliyopita nimeanza kuangalia upya Neon Genesis Evangelion, ile katuni ya Kijapani ya maroboti, safari hii pamoja na mdogo wangu ambaye hata kuzaliwa alikuwa bado ilipotoka. Kipindi cha kwanza kilipoisha akashika rimoti. Nikamwambia usizime, subiri wimbo. Nimemsifia huo wimbo mwezi mzima. Kikapigwa kipande cha piano, majina yakapita, kimya. Akanigeukia: "Ndiyo wenyewe?" Niliona haya kama mtu aliyealika wageni kwa pilau, mfuniko unafunuliwa ni wali mweupe.

Kwa ambao hawakufuatilia: mfululizo huu ulirushwa na TV Tokyo kuanzia tarehe 4 Oktoba 1995 hadi 27 Machi 1996, vipindi 26, kila Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwisho wa kipindi palikuwa na Fly Me to the Moon, wimbo wa Bart Howard wa mwaka 1954, na raha yake ni kwamba haukuwa mmoja. Wiki hii anaimba huyu, wiki ijayo yule, nyingine wanaimba waigizaji wenyewe wa sauti. Netflix ilipouonyesha duniani tarehe 21 Juni 2019, nje ya Japani wimbo ukatolewa, kikawekwa kipande kutoka muziki wa mfululizo wenyewe. Diski za Blu-ray zilizotolewa Marekani na kampuni ya GKIDS mwaka 2021 nazo hazina huo wimbo.

Hoja yangu ni hii. Kitu kikisharushwa hewani, watu wakaacha shughuli zao wakakikalia kitako, hakiwi tena cha mwenye hakimiliki peke yake. Akirekebishe atakavyo, aongeze, apunguze, asafishe picha. Lakini kile tulichokiona akiache pembeni, anayekitaka akipate. Karibuni, ila tusitukanane.

Kandambili

Mkuu, shamba la mtu unalipangia mazao? Kwanza wimbo una mwenyewe mwingine kabisa. Haki ya wimbo hainunuliwi mara moja ikaisha. Inakodishwa: runinga mkataba wake, kanda na diski mkataba wake, intaneti mkataba wake, na kila nchi na bei yake. Aliyelipia Japani mwaka 1995 hakulipia Mbagala mwaka 2019. Ukiwa unaonyesha nchi mia na kitu kwa mpigo, hesabu ya wimbo mmoja uliotumika karibu kila kipindi inakuwa ya kutisha. Chagua: upate mfululizo bila wimbo, au ukose vyote.

Fundi Redio

Nampinga mleta mada kwa sababu nyingine. Anasema "kile tulichokiona" kana kwamba kilichorushwa ndicho msahafu. Kilichorushwa mara nyingi ni kile kilichowahi kukamilika kabla ya saa ya kurusha!

Hiyo hiyo Evangelion, vipindi viwili vya mwisho ni picha zilizosimama, michoro ya penseli na maandishi, watu wameishiwa muda. Kipindi cha 21 hadi 24 vilipotolewa kwa ajili ya nyumbani vikaongezewa sehemu nzima ambazo runingani hazikuwepo, na leo ukimtoa mtu hizo sehemu hadithi inamchenga.

Cowboy Bebop, katuni nyingine ya Kijapani, ndiyo kabisa. TV Tokyo mwaka 1998 ilirusha vipindi 12 tu kati ya 26, ikafunga kwa kipindi cha kuungaunga vipande. Vyote 26 vikaja kuonekana WOWOW, kituo cha kulipia, kuanzia Oktoba 1998 hadi Aprili 1999. Ungeng'ang'ania "kilichorushwa kwanza" ungekosa zaidi ya nusu.

Halafu kuna kabichi. Mwaka 2006 kulikuwa na mfululizo unaitwa Yoake Mae yori Ruriiro na. Kipindi cha tatu binti anakata kabichi jikoni. Ile kabichi ni mpira. Mpira wa kijani, duara kamili, hauna jani, na kisu kinapita humo kana kwamba anakata nta. Japani nzima ya mashabiki ilicheka, mpaka neno "kabichi" likawa kipimo cha uchoraji wa hovyo. DVD ilipotoka, kabichi ikachorwa upya, ina majani. Sasa mleta mada anataka mchoraji aendelee kuuza aibu yake?

Mleta mada

Naam, naitaka ile kabichi ya mpira. Bila hiyo, hicho kicheko chote hakina mwili. Kijana wa leo akisikia habari ya kabichi aende kuangalia wapi? Hizo sehemu zilizoongezwa siku zote nazikubali. Tena umenipa silaha mwenyewe: ADV Films ya Houston, kampuni iliyoiuza Evangelion kwa Kiingereza, ilipotoa zile DVD za toleo la Platinum mwaka 2004 na 2005, kipindi cha 21 hadi 24 viliwekwa vyote viwili, cha runingani na kilichoongezwa. Hakuna aliyefilisika kwa hilo.

Fundi Redio

ADV ilifungwa 2009 mkuu. Natania, najua si kwa hilo.

Mama wa Wawili

Naomba niwaulize ninyi mnaotaka kila kitu kibaki kama kilivyorushwa. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi cha Pokémon kilirushwa jioni Japani, kina mahali mwanga mwekundu na buluu unapepesa kwa kasi, mara kumi na mbili hivi kwa sekunde. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali, wengine na degedege. Mfululizo ukasimamishwa miezi minne. Kile kipindi hakijarushwa tena wala hakikuuzwa. Nacho kiachwe pembeni anayekitaka akipate? Mimi wangu wana miaka sita na tisa, na rimoti wanaijua kuliko mimi.

Mleta mada

Dada, hapo sina ubishi. Kinachodhuru mwili kifungiwe, tena wafanye walivyofanya, kuweka kanuni za mwanga kwa vituo vyote na ule ujumbe wa kuwaambia watoto wawashe taa na wakae mbali na kioo. Mimi nasemea wimbo. Wimbo haujamwangusha mtu.

Fundi Redio

Ila dada amegusa jambo. Tangu kanuni hizo zije, sehemu zenye miale mikali hufifishwa zinaporushwa, utaona picha imekuwa kama imewekewa chandarua. Kwenye diski mwanga unarudi. Na mambo ya watu wazima vilevile: runingani kuna mvuke wa bafuni usioisha unaoficha miili, diski ikitoka mvuke umetoweka. Hiyo ni biashara. Mifululizo mingi ya usiku wa manane Japani imeishi kwa kuuza diski, vipindi viwili vitatu kwa diski moja, kwa maelfu ya yeni. Kurusha kwenyewe kulikuwa kama tangazo. Atoe pesa yote hiyo apewe kilekile alichoangalia bure? Kwa hiyo tofauti baina ya runingani na nyumbani ndiyo iliyolipia mishahara ya wachoraji mnaowapenda.

Binti wa Visiwani

Mnabishania wimbo na kabichi, jambo kubwa zaidi limepita mlangoni. Tafsiri.

Kipindi cha 24 cha Evangelion. Kaworu na Shinji, wavulana wawili wa hadithi hiyo, usiku. Kaworu anamwambia mwenzake kwamba anastahili "kōi", yaani ile hali ya kutazamwa kwa jicho jema. Shinji haelewi, anauliza. Kaworu anamjibu kwa neno moja jepesi, "suki". Tafsiri ya Kiingereza ya ADV, ambayo watu waliishi nayo tangu miaka ya kanda za VHS, ilichukua neno la mapenzi, "love". Ya Netflix ya 2019 ikachukua "like", neno ambalo Mwingereza analitumia hata kwa sandwichi. Watu wakawaka moto. Wapo waliosema wavulana hawa wawili wamefutiwa walichokuwa nacho. Mfasiri mwenyewe, Dan Kanemitsu, alijitokeza kutetea kwamba Kijapani chenyewe kimeacha jambo lining'inie, na yeye ameliacha lining'inie.

Sasa tuje kwetu. "Suki" ukilileta Kiswahili ni nini? Napenda pweza. Nampenda mwalimu wangu. Nakupenda. Neno ni lilelile! Mjapani naye ndivyo anavyosema, suki kwa chakula na suki kwa mtu. Mtu akitia mfululizo huu sauti za Kiswahili, Kaworu atasema "maana yake nakupenda", na ugomvi wote wa Kiingereza hautakuwepo. Kila mtu atasikia anachokisikia. Wamegombana miaka mingi kwa sababu lugha yao iliwalazimisha kuchagua, na mwandishi hakuwa amechagua.

Kwa hiyo ninapomsikia mleta mada anasema "kile tulichokiona", namuuliza: kipi? Wewe uliona cha TV Tokyo? Uliona cha ADV.

Kandambili

Dada Binti, nakupinga kwa heshima. Pweza hatazamwi machoni. "Nakupenda" anayoambiwa mtu usiku, wako wawili, mmoja kashika mkono wa mwenzake, hakuna Mswahili atakayeisikia kama ya pweza. Sisi nasi tungechagua, ila masikio ndiyo yangechagua badala ya kalamu. Mtafsiri wetu angekimbilia "nakukubali", au "nakuhusudu", au angelifukia kabisa lipite. Si mnaona tamthilia za Kituruki zinavyotiwa Kiswahili? Mtu analia dakika mbili, maneno yenyewe "basi bwana".

Binti wa Visiwani

😂 "Nakukubali" imenimaliza. Kaworu wa Kariakoo.

Lakini umekubali hoja yangu. Umesema masikio yangechagua. Ndicho ninachotaka, masikio yachague. Kwenye Blu-ray za 2021 kuna toleo la gharama ya juu lenye tafsiri na sauti za zamani, na toleo la kawaida lenye za mpya tu. Mwenye pesa anasikia Kaworu wawili, asiye nazo mmoja.

Mleta mada

Umenibana, na nakubali: sijawahi kuona cha TV Tokyo. Nilichokipenda mimi ni kanda ya Houston. Basi nirekebishe hoja: kilichowahi kumfikia mtazamaji kihalali, mahali popote, kisizikwe kwa sababu toleo jipya limetoka. Tafsiri ya kale iwepo kwenye menyu karibu na mpya. Haigharimu chochote ikishakuwepo.

Kandambili

Haigharimu? Nani mwenye hizo sauti za kale? Kampuni imekufa, mali zimegawanywa, waigizaji walisaini kwa ajili ya kanda na diski, wakati ambao hakuna aliyewaza intaneti. Mwanasheria tu wa kuzisoma hizo karatasi ana bei. Unaongea kama vile kuna kabati mahali fulani na ufunguo unaning'inia.

Mzee wa Kanda

Vijana, niliwasoma kimya tangu asubuhi. Baada ya ADV kufungwa mpaka 2019, miaka kumi, hapakuwa na pa kuipata Evangelion ya runingani kihalali kwa Kiingereza isipokuwa diski zilizokwishatumika, na bei zake zilikuwa za kukodi chumba. Miaka hiyo nani alitunza? Kibanda umiza chetu kilikuwa na diski moja ya vipindi vyote 26, picha imebanwa mpaka roboti ana pembe za ngazi, jalada limechapwa kwa fotokopi na nyuma yake kuna muhtasari wa filamu ya Jackie Chan. Si halali, najua, sisifii. Lakini wimbo ulikuwemo. Wote, kila kipindi na mwimbaji wake.

Kandambili

Mzee, sasa unahalalisha wizi.

Mzee wa Kanda

Sijahalalisha. Nimesema wimbo ulikuwemo.

Mama wa Wawili

Mzee, hiyo diski bado unayo?

Mzee wa Kanda

Ninayo. Imekwaruzika, kipindi cha 16 kinakwama katikati mpaka uipige deki kofi. Mleta mada kama uko Dar, mlete huyo mdogo wako Jumapili baada ya chakula cha mchana. Umeme ukiwepo.