Kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) asema "kaza goti", mimi namwambia papa "chukua kikombe". Tufuate ipi?

MwanaNguba: Jambo wandugu. Papa alipata AVC (kiharusi) mwezi wa tatu, upande wa kushoto ukalegea. Kine anamwambia kaza paja, fikiria goti, nyoosha kiwiko. Papa anaganda kama nguzo. Nyumbani nikiweka chai mezani na kusema "chukua", mkono unaenda. Mistari ya chaki sakafuni anaikanyaga vizuri tu. Nimesoma kwamba mawazo yakiwa kwenye kitu, si kwenye kiungo, mwili hujifunza haraka. Ni kweli?

Sambaza_Kavu: Baba mdogo wangu haendi hata chooni bila fimbo, ila sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) zikikaangwa anafika mezani kabla ya sahani 😂

Mama Furaha: Mama yangu hapa Kadutu, Bukavu, vidole vilifunguka kwa kuchambua maharagwe. Sinia zima kila asubuhi, mimi pembeni naimba. Ninyi vijana mnamuuguza mzazi kwa simu!

Infirmye_Mstaafu: Uliyosoma yanatoka kwa Gabriele Wulf, mtafiti wa jinsi mwili unavyojifunza miendo, na mengi alipima kwa watu wazima wa afya. Kwa waliopata kiharusi, jaribio moja la 2002 la kufikia vitu liliunga mkono kikombe chako; ya baadaye hayakuona tofauti ya wazi. Kine hajakosea. Bado mnaenda kwake?

MwanaNguba: Tumesimama wiki mbili. Dola 10 kila kikao, na huo mlima wetu namshusha papa mgongoni. Msinihukumu, matokeo nayaona: mkono wake wa kulia unafika kwenye kikombe!

Mama Furaha: Dola 10! Yeye alikulipia masomo miaka mingapi?

Kijana_Nyawera: Huu uzi umetungwa. Mwanzo kushoto, sasa kulia. Papa ana viharusi vingapi?

MwanaNguba: Nakaa mbele yake tukifanya mazoezi. Kushoto kwangu ni kulia kwake. Nilichanganya.

Infirmye_Mstaafu: Ngoja kwanza. Kama ni kulia, huenda kiharusi kiligusa upande wa ubongo unaoshika lugha. Papa anaongea?

Infirmye_Mstaafu: Kadogo, nimekuuliza.

MwanaNguba: Anasema "ndiyo". Kwa kila kitu. Hata nikimuuliza kama yeye ni mwanamke. Alikuwa mwalimu, sikupenda watu wajue.

Infirmye_Mstaafu: Basi huenda shida si goti wala kikombe. "Kaza paja, nyoosha kiwiko" ni maneno, na huenda hayamfikii. Kikombe anakiona kwa macho. Kine anajua hilo? Akijua atamwonyesha kwa mkono, maneno atapunguza.

MwanaNguba: Hajui. Akimuuliza papa, mimi ndiye najibu. Nilisema ni uchovu.

Kijana_Nyawera: Samahani mkubwa. Mpigie leo.

MwanaNguba: Nitapiga. Ila bado ananidai vikao viwili.