Bima ya mbwa na ugonjwa wa nyonga wa kurithi: hulipa ama ni stori tu?

Baba_Tasha_Lanet:
Wadau habari zenu. Niko Lanet hapa Nakuru, nina German Shepherd dume wa miezi mitano nilimnunua kwa jamaa wa Njoro awe mlinzi wa boma maana huku kwetu wezi wa kuku na wa betri za gari wametuzoea sana. Sasa siku hizi naona akiamka asubuhi miguu ya nyuma inakuwa migumu, akitembea kidogo inalegea, lakini nikimwachilia akimbie anaruka na ile miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Jirani yangu alikuwa anashika mbwa wa polisi zamani, alimwangalia tu akasema hiyo ni nyonga, ati hawa German wanayo kwa damu. Kwa daktari sijaenda bado.

Sasa ajenti aliyenikatia bima ya pikapu ananiambia kampuni yao inakatia mbwa pia, na amenitumia fomu kwa WhatsApp. Swali: haya magonjwa ya viungo ya kurithi bima hulipa kweli? Na nianze na gani, bima ama eksirei? Mama Tasha anasema hizo pesa ninunue unga tuache upuzi lakini nimeona niulize wanaojua.

omera_klemu:
Niko Kisumu lakini kazi yangu ni ya onlaini, nashughulikia klemu, yaani madai ya kulipwa, za kampuni moja ya Marekani ya bima ya wanyama, kwa hivyo hizi nyonga nazisoma kila siku hadi naziota. Nikuambie vile huko inaenda halafu ulinganishe na fomu yako. Bima nyingi za huko siku hizi hulipia magonjwa ya kurithi, nyonga, kiwiko, magoti ya hivi vimbwa vidogo vya Chihuahua na Yorkie yanayotoka mahali pake, lakini kuna sharti moja linalomaliza watu wengi: dalili isiwe ilionekana kabla bima ianze. Na dalili si lazima iwe jina la ugonjwa, daktari akiwa ameandika tu kwa faili "anachechemea kidogo mguu wa nyuma kulia" siku kumi kabla, klemu ya nyonga imeenda hiyo, hata kama wakati huo hakuna mtu alikuwa amefikiria nyonga.

Halafu kuna muda wa kungoja. Magonjwa ya kawaida mara nyingi ni siku 14 tangu mkataba uanze, lakini mambo ya mifupa na viungo kampuni kadhaa wanaweka miezi sita, na wengine wanakubali kupunguza kama daktari amepima miguu ya mbwa mwanzoni akaandika iko sawa. Na ile kitu inaumiza watu kabisa ni kifungu cha pande mbili. Mguu wa kushoto ukiwa ulikuwa na shida kabla ya bima, ule wa kulia nao wanauhesabu kama shida ya zamani hata kama bado mzima, nimeona mtu amelipa premiamu miaka mitatu bila kukosa halafu goti la pili likaenda na hakupata hata senti. Alikuwa amesaini lakini, hicho kifungu kilikuwa hapo ukurasa wa saba.

Uingereza nao wana yao, pale usitafute jina la kampuni tafuta aina ya mkataba. Kuna ya maisha, inayorudisha kiwango chako cha matibabu kianze upya kila mwaka ukilipa bila kukatiza, na kuna ya miezi 12 tu kwa kila ugonjwa, ikiisha wameachana na huo ugonjwa. Nyonga ni ya maisha yote, kwa hivyo hiyo ya miezi 12 ni kama hujakata. Na ukihama kampuni katikati, kule unakoenda kila kitu ulichotibiwa kinakuwa cha zamani.

Mzee_Kijana_58:
Boss mbona unajisumbua, kata bima nyamaza, ngoja huo muda upite halafu mpeleke kwa daktari kama hujui chochote. Si hawajamuona.

AuntieBima_Kakamega:
@Mzee_Kijana_58 wewe ndio unafanya watu walie kwa ofisi zetu. Mimi nauza bima huku Kakamega na nitasema wazi, ile fomu ina mahali inauliza mnyama amewahi kuugua ama kuchechemea, ukiandika hapana na unajua ni ndio, huo mkataba hauna maana, siku ya klemu wanauvunja na wako na haki. Na wanajua kuchimba. Wataitisha kadi ya chanjo, wataitisha maelezo ya daktari, na huyu jamaa tayari ameandika dalili zote hapa hadharani pamoja na estate anayoishi 😂

Lakini Baba Tasha, jambo lingine kabla hata ya nyonga. Usidhani bima ya mnyama ni kama ya hospitali. Hapa Kenya bima za wanyama zilianzia kwa ng'ombe na nyingi zimejengwa kwa kifo, yaani mnyama akifa kwa ajali ama ugonjwa unalipwa thamani yake. Matibabu ni sehemu nyingine kabisa, wakati mwingine haiko, wakati mwingine iko na kiwango kidogo. Angalia hiyo kwanza. Angalia pia kama hiyo kampuni iko kwa orodha ya IRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ya waliopewa leseni, na umwambie ajenti akuonyeshe yake, hakuna kuona haya.

Na soma kama wameandika wanaondoa "magonjwa ya kurithi" ama "kasoro za kuzaliwa nazo". Kwa mkataba hizo si kitu kimoja.

daktari_njoro:
Auntie hapo umegusa. Mtoto wa mbwa anayekuja kupata hii shida ya nyonga huwa anazaliwa nyonga zikiwa sawa, kinacholegeza kile kiungo kinaonekana akiendelea kukua. Kwa hivyo ni ya kurithi lakini hazaliwi nayo, na mkataba ukiwa umetaja kasoro za kuzaliwa peke yake, mko na la kubishania.

Baba Tasha nisikilize sasa upande wa mbwa maana bima inaweza kungoja na yeye hawezi. Miezi mitano ni wakati ambao kuna mambo yanawezekana ambayo akifika mwaka hayawezekani tena. Kuna oparesheni ya kukata na kugeuza mfupa wa nyonga ili kikombe cha nyonga kishike vizuri kichwa cha mfupa wa paja, hiyo inafanywa kabla ya kama miezi kumi, kabla baridi yabisi haijaingia. Ikishaingia unabaki na kukata kichwa cha mfupa wa paja, ama nyonga bandia ambayo bei yake utanunua pikapu ingine. Wengi lakini hawafiki huko, wanaishi vizuri na uzito mdogo, mazoezi ya kipimo na dawa ya maumivu kutoka kwa daktari. Usimpe diclofenac wala brufen ya nyumbani tafadhali, inatoboa tumbo na kuharibu figo.

Uzito sisemi tu. Kuna utafiti Marekani walilea Labrador 48 kwa jozi mpaka mwisho wa maisha yao, nusu wakapewa chakula pungufu kwa asilimia 25, hao waliishi karibu miaka miwili zaidi na nyonga zao zilichelewa sana kuharibika. Huku kwetu mtu akinunua German anataka awe mnene haraka, anamjaza ugali, omena na unga wa mifupa, na juu yake anaongeza kalsiamu ya chupa. Kwa mtoto wa mbwa mkubwa kalsiamu ikizidi inavuruga ukuaji wa mifupa, haisaidii nyonga hata kidogo.

Na huyo aliyekuuzia, muulize kama wazazi wamepigwa eksirei ya nyonga. Cheti cha ukoo kinakuambia baba ni nani, hakikuambii nyonga za baba zikoje. OFA ya Marekani, shirika linalokagua eksirei za nyonga za mbwa, haitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla mbwa hajafika miezi 24, kwa hivyo mtu akikuambia mama ana hicho cheti na alizaa akiwa na mwaka mmoja na nusu, huyo anakuuzia hewa.

nyar_milimani:
Samahani kuingilia, paka nao? Dada yangu anataka kuniletea wale wa masikio yamekunjwa, Scottish Fold.

daktari_njoro:
Mwambie alete mwingine. Ile jeni inayokunja sikio ndiyo inaharibu gegedu mwili mzima, miguu na mkia, kila mwenye sikio limekunjwa anayo kwa kiasi fulani. Wote walitokana na paka mmoja wa shamba kule Scotland mwaka wa 1961. Na paka akiumwa viungo hachechemei vile, anaacha tu kuruka juu ya meza, wewe unadhani amekuwa na adabu. Panadol usimpe kamwe, inaua paka.

omera_klemu:
Na hao Fold soma vifungu mara mbili, kuna mikataba inataja ugonjwa wao kwa jina kwenye yale wasiyolipia.

Baba_Tasha_Lanet:
Asanteni sana aki. Nimefungua hiyo fomu sasa kwa laptopu maana kwa simu maandishi ni kama mchwa. Iko hivi: kifo kwa ajali ama ugonjwa, kuibiwa, na mbwa akiuma mtu wanalipia huyo mtu mpaka kiwango fulani. Matibabu ni ya ajali peke yake. Magonjwa ya kurithi "na ya kimaumbile" yameondolewa. Kwa hivyo nyonga hapo haimo kabisa, hata ningenyamaza vile Mzee Kijana anasema ningenyamazia bure. Ile ya kuuma mtu lakini nimeipenda, posho mill iko karibu na geti na watoto hupita hapo wakitoka shule.

AuntieBima_Kakamega:
Hiyo basi ikate kwa sababu ya meno na wizi, na mahali pa afya uandike ukweli wa miguu. Akiongeza premiamu kidogo ama aiandike kama kitu wasicholipia, ni sawa, bora iwe kwa maandishi.

Baba_Tasha_Lanet:
Sawa. Daktari, Jumamosi naweza mleta hapo Njoro?

daktari_njoro:
Mlete mapema. Eksirei ya nyonga ikipigwa vizuri mbwa anatulizwa na sindano ili miguu ivutwe inyooke, kwa hivyo chakula cha mwisho iwe Ijumaa jioni, asubuhi asile kitu. Na umchukue vidio akikimbia, wakifika kliniki hawa hujifanya wazima.

Mzee_Kijana_58:
Haya nimesalimu amri. Na kama ni Rottweiler wa miaka sita anayechechemea kuna ajenti atakubali?

omera_klemu:
😂😂 Mzee, mwambie daktari Jumamosi mbwa watakuwa wawili.