Tupeane uzoefu: askari wenu aliposhtakiwa kikosini, mlifanyaje?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtoto wa mwanajeshi na nimeolewa na mwanajeshi, hapa hapa Ilemela. Kuna jambo linaniumiza sana: askari anaijua bunduki yake kipande kwa kipande, lakini siku akiwekewa karatasi ya mashtaka mbele ya CO, yaani kamanda wa kikosi, hajui aseme nini. Wengi wameaminishwa kwamba ukishavaa gwanda, haki zako zinabaki getini.

Si kweli. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya 1977 inampa mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Wala haikuishia kwenye mahakama, imeongeza "au chombo kinginecho kinachohusika". Meza ya kamanda wa kikosi nayo ni chombo. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, Sura ya 192, ndiyo imebeba taratibu za nidhamu: madogo yanamalizwa na kamanda, mazito yanakwenda Mahakama ya Kijeshi. Kote huko mshtakiwa ana sauti.

Karibuni mtoe yenu. Msitaje kikosi wala jina la mtu, na mambo ya siri za kazi tusiyaguse kabisa.

Mama Wawili, Igoma
Mume wangu alishtakiwa utoro. Ukweli ni kwamba mtoto alizidiwa usiku, tukamkimbiza hospitali, akalazwa. Alimpigia aliyekuwa zamu, lakini ruhusa ya mdomo haikuandikwa popote. Nilichofanya ni kukusanya kila karatasi: kadi ya kliniki, risiti za dawa, na ile ya kuruhusiwa kutoka wodini yenye muhuri na tarehe. Nikatoa kopi, orijino nikabaki nazo nyumbani. Kopi nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni nikampelekea pamoja na chakula. Aliposomewa shitaka hakubishana na mtu. Aliomba kuonyesha vielelezo, tarehe zikalingana. Akapewa karipio, cheo hakikuguswa. Dada zangu, msitupe karatasi za hospitali.

Mstaafu wa Nyegezi
Nimewahi kuteuliwa kuwatetea askari kwenye mahakama ya kijeshi, kwa hiyo nasema nililoliona. Kesi nyingi zinaharibika kabla hazijafika mahakamani, kwenye maelezo. Kijana amekesha, ana hofu, anaandikiwa maelezo na kuambiwa saini hapa yaishe. Anasaini. Baadaye ananiambia, "Afande, hayo sikuyasema." Sasa nimtoe wapi?

Soma mstari kwa mstari. Pakiwa na kosa, omba lirekebishwe mbele yako. Saini yako iwe papo hapo chini ya neno la mwisho, usiache nafasi tupu katikati, na kila ukurasa uutie saini.

La pili ni hili la kukiri ili yaishe. Hayaishi! Yanaingia kwenye faili, na siku ya kupandishwa cheo au kupelekwa kozi faili ndilo linalofunguliwa. Kama umekosa kweli, kiri kiume. Kama hukukosa, simama wima, piga saluti, useme: "Afande, naomba nakala ya shitaka na muda wa kuandaa utetezi." Huo si utovu wa nidhamu, na kamanda anayeijua kazi yake hatakasirika.

Shemeji wa Kisumu
Ndugu zangu wa Mwanza, huku kwetu Kenya mambo yako chini ya sheria ya KDF, yaani jeshi letu, ya 2012. Mahakama ya kijeshi inaongozwa na mwanasheria, na anakaa na wajumbe wasiopungua watano mshtakiwa akiwa afisa, au watatu kwa wengine. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 24, inaruhusu sheria ipunguze baadhi ya haki za wanajeshi, lakini ibara ya 25 imesema kesi ya haki haipunguzwi kwa yeyote. Ibara ya 50 inakupa wakili umtakaye, na serikali ikupe wakili pale ambapo bila yeye ungedhulumika vibaya. Binamu yangu alikata rufaa Mahakama Kuu. Kilichomchelewesha ni nakala ya mwenendo wa kesi, kwa hiyo iombeni kwa barua siku ile ile ya hukumu.

Kijana wa Mwaloni
Mdogo wangu aliumizwa kwa adhabu akiwa mafunzoni. Tuliogopa kusema, na sasa mkono haunyooki.

Mwanzisha mada
Pole sana kaka. Ibara ile ile ya 13(6) ya Katiba yetu ya Tanzania, kipengele (e), imepiga marufuku mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kumdhalilisha. Nidhamu na kuvunja mkono wa mtoto wa mwenzako ni mambo mawili. Mpelekeni hospitali apimwe, majeraha yaandikwe na daktari, ripoti mkae nayo. Kama hela ya wakili hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wa aina yenu, ulizieni.

Kijana wa Mwaloni
Ameitwa kesho asubuhi akaandike maelezo.

Mstaafu wa Nyegezi
Njoo inbox sasa hivi. Nataka kuongea naye kabla hajashika kalamu.