Ulinganisho: njia za kutafuta mtandaoni, ipi inakufikisha kwenye karatasi yenyewe?

Steshenari_Chikongola

Habari za jioni wakuu. Nina steshenari hapa Mtwara mjini. Kutwa watu wananijia: nitafutie mtihani wa zamani, nitafutie mwongozo wa salfa ya kupulizia mikorosho, nitafutie bei ya mnada. Miaka yote nilikuwa naandika maneno Google na kushuka chini mpaka macho yanauma. Mwezi huu nimepima njia tatu kwa kazi za wateja wenyewe, naomba tulinganishe.

Njia ya kwanza ni Google kwa kutumia alama. Ya pili ni DuckDuckGo, mtambo mwingine wa kutafuta kama Google, na mikato yake ya alama ya mshangao. Ya tatu ni kuuliza programu ya akili mnemba kwa sentensi nzima.

Mzee mmoja kutoka Newala alikuja na tawi la mkorosho, maua yamejaa vumbi jeupe kama majivu, yaani ugonjwa wa ubwiri unga. Anataka maelezo ya kusoma, yaliyochapwa. Niliandika hivi:

"ubwiri unga" korosho site:go.tz filetype:pdf

Alama za kunukuu zinashika maneno mawili yakae pamoja, site:go.tz inabakiza tovuti za serikali tu, filetype:pdf inaleta nyaraka za kuchapa. Majibu yalikuwa machache, lakini kila nililofungua lilikuwa waraka wa kweli. Programu ya akili mnemba ilinijibu kwa Kiswahili kizuri sana, ila ilichanganya kipimo cha salfa ya unga na cha dawa ya maji, na nilipoiuliza imetoa wapi haikuwa na ukurasa wa kunionyesha. Mzee anakwenda kupulizia shamba, siwezi kumpa kitu cha namna hiyo. DuckDuckGo ilikuwa nyepesi, lakini kwa Kiswahili iliniletea vichache.

Kura yangu ni Google na alama zake. Nyie mnasemaje?

Binti_wa_Mikindani

Kura yangu nagawa. Kama unajua unakokwenda, DuckDuckGo inaokoa muda. Andika !w Kilwa Kisiwani na unatua Wikipedia moja kwa moja, hupiti kwenye orodha yoyote. Andika !gsc kisha mada, unatua kwenye makala za kitaaluma za Google Scholar. Mwanafunzi wa chuo akija na mada ya utafiti naanzia hapo.

Ila mjue tofauti moja. Google ukiweka alama ya kutoa mbele ya neno, lile neno linaondolewa. DuckDuckGo inalipunguza tu, kwa hiyo usishangae likirudi.

Mkulima_Tandahimba

Mkuu wa steshenari, kwenye bei umenigusa. Ukiandika bei ya korosho tupu, unaweza kuletewa habari za Novemba 2018, serikali inanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mtu asiyeangalia tarehe anaondoka na hesabu ya msimu uliopita zamani. Mimi naandika:

bei korosho mnada after:2025-10-01

Inaleta kurasa za kuanzia siku hiyo. Na kama unataka kurudi nyuma kusoma yale ya 2018, unaweka zote mbili, after:2018-10-01 before:2019-03-01. Tarehe inaanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku. Hata hivyo ukifungua ukurasa hakikisha tarehe iliyoandikwa ndani, maana Google inakadiria.

Mwl_Masasi

Mimi natumia nyota. Kopi ya mtihani ilikuwa imefutika neno katikati ya methali, nikaandika "mgaagaa na * hali wali mkavu" ndani ya alama za kunukuu. Nyota inasimama mahali pa neno lililopotea. Kwetu wa pwani hiyo methali tunaijua, lakini mtihani ulikuwa na nyingine mbili nisizozijua na zote nilizipata kwa njia hiyo.

Juma_wa_Ligula

Kwangu site: haifanyi kazi kabisa. Inaleta kila kitu.

Binti_wa_Mikindani

@Juma_wa_Ligula angalia kibodi ya simu yako. Nyingi zinaongeza nafasi yenyewe baada ya nukta mbili. Inatakiwa site:go.tz, vimegandana. Alama ya kutoa nayo igande na neno linaloifuata.

Juma_wa_Ligula

Kweli, ilikuwa nafasi. Imekubali. Ahsante dada.

Mzazi_Lindi

Naomba niongeze jambo ambalo naona ndilo kubwa kuliko alama zote: jina. Mwanangu alipewa kazi ya shule kuhusu yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru aliyechimbwa huku kwetu Lindi na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ambaye mifupa yake iko Berlin. Tukitafuta kwa Kiswahili tunapata mjadala wa kumrudisha nyumbani, ambao na mimi naufuatilia kwa moyo wote, lakini mtoto alitaka habari za mnyama mwenyewe. Kumbe zamani aliitwa jina moja na siku hizi wataalamu wengi wanamwita lingine. Nikaandika:

"Brachiosaurus brancai" OR Giraffatitan

OR kwa herufi kubwa, ndogo haifanyi kazi hiyo. Vitu vya zamani na vya sasa vikaja pamoja, nikageuza lugha kwa kivinjari, mtoto akaandika.

Na Kiswahili chetu kina shida hiyo hiyo. Mkorosho, mikorosho, mbibo, mkanju: mti ni ule ule, lakini aliyeandika waraka alichagua neno moja tu. Usitegemee mashine ijue kwamba mikorosho ni wingi wa mkorosho. Mwandikie yote.

Mkulima_Tandahimba

@Mzazi_Lindi hapo umesema. Bibi yangu hajawahi kusema mkorosho maisha yake yote, ni mbibo tu.

Mwl_Masasi

Swali la haraka: kiungo cha zamani kikifa? Nilikuwa nategemea ile nakala ya akiba ya Google, siioni tena.

Binti_wa_Mikindani

Waliiondoa 2024. Nenda web.archive.org, bandika anwani ya ukurasa uliokufa, chagua tarehe. Si kila ukurasa umehifadhiwa, lakini tovuti nyingi zilizobadilishwa sura utazikuta humo. Na anayetaka orodha ya kurasa tu bila muhtasari wa akili mnemba juu, aongeze &udm=14 mwishoni mwa anwani ya matokeo ya Google.

Steshenari_Chikongola

Ahsanteni sana wakuu. Nabadilisha kura kidogo: Google kwa Kiswahili na nyaraka za serikali, DuckDuckGo kwa kuruka kwenda ninakokujua, na akili mnemba nitaiuliza majina tu, yaani kitu hiki kinaitwaje kitaalamu, kisha natafuta mwenyewe.

Nimefanya hivyo sasa hivi. Nimepata jina la Kiingereza la ubwiri unga, nikaandika "powdery mildew" cashew Naliendele filetype:pdf, na zimekuja tafiti za kituo chetu cha utafiti cha Naliendele hapa hapa Mtwara ambazo kwa Kiswahili sikuziona. Moja ina jedwali la vipimo na wakati wa kupulizia. Nimelitafsiri na kulichapa, kurasa 2, nimelihifadhi kwenye bahasha kaunta. Mzee alisema atapita Jumamosi.