Jibu si sahihi, nimwambie nini?

Chaki Mkononi:
Walimu wenzangu, nisaidieni. Jumatatu niliandika ubaoni 1/2 + 1/3. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kunyoosha mkono kwake ni mara moja kwa muhula, akasema 2/5. Darasa likacheka. Nikamwambia "umejitahidi, kaa", nikamwita mwingine. Akakaa, akafunika daftari kwa kiganja, na tangu siku ile haandiki kitu. Nilipaswa kusema nini? Siwezi kuliita sahihi.

Mzee wa Hesabu:
"Umejitahidi" pale maana yake "umekosa, pisha wenzako". Watoto wanaijua lugha hiyo kutuzidi.
Muulize amefikaje kwenye 2/5, kisha unyamaze. (Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi kumi.) Atakwambia amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Na si upuuzi! Ukipiga penalti 2 ukafunga 1, halafu ukapiga 3 ukafunga 1, umefunga 2 kati ya 5. Amefikiri vizuri, ila amejibu swali jingine. Hapa nusu na theluthi ni za kitu kimoja. Mwambie hivyo mbele ya wale waliocheka. Halafu muulize: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Tumeanza na nusu, tumeongeza, mbona imepungua?

Nakopa Moja:
Maneno matamu, lakini mtihani hauulizi umefikaje. Darasa limefurika, nikimsikiliza kila mmoja silabasi nitaimaliza lini?

Mzee wa Hesabu:
Jibu moja tu kwa kipindi, mkuu. Mimi mwenyewe yamenikuta juzi. Swali 42 − 17, kijana kaandika: 30, −5, 25. Nikamwekea kosa kwa sababu hakukopa. Nimeshageuza ukurasa ndipo nikaona: 40 toa 10 ni 30, 2 toa 7 ni −5. Nilirudi nikakata kosa langu, nikamwomba awaeleze wenzake. Wawili sasa wanatoa kwa njia yake.

Nakopa Moja:
Hiyo ya −5 nimeipenda, nakiri.

Chaki Mkononi:
Mrejesho. Leo nimeiandika upya 2/5 yake ubaoni, nikaleta zile penalti. Kabla sijafika kwenye swali la nusu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, lakini mbona 2/5 ni ndogo kuliko nusu?" Hakuna aliyecheka. Jibu lenyewe, 5/6, hatujalifikia, kengele imelia akiwa bado anachora mistatili yake.