Mgombea hushinda kwa uwezo wake, au mwenzake huangushwa na hali ya maisha?

Mpembuzi (mleta mada)
Wadau, tangu Novemba 2024 kushindwa kwa Kamala Harris katika uchaguzi wa urais wa Marekani kunaelezwa kwa namna mbili. Wako wanaosema alikuwa mgombea dhaifu, akachelewa kuingia kwa sababu Rais Biden alijitoa Julai 21, ikabaki miezi mitatu na nusu tu. Wako wanaosema yeyote ambaye chama chake cha Democratic kingemsimamisha angeanguka, kwa kuwa watu walichoka na gharama za maisha. Mimi niko na hawa wa pili. Mwaka huohuo Conservative waling'olewa Uingereza baada ya miaka 14, ANC ya Afrika Kusini ikakosa wingi wa viti bungeni kwa mara ya kwanza tangu 1994, na chama tawala cha Japani kikapoteza wingi wake katika bunge la chini. Wagombea hawakufanana kwa lolote, ila wote walikuwa wameshika dola wakati mwananchi anaumia. Na penye vyama viwili tu, hasira ya mpiga kura haina pa kwenda isipokuwa kwa yule mwingine.

Swali langu: kampeni, midahalo na matangazo ya mabilioni ya dola vinabadili nini hasa?

Jiwe la Msingi
Kama hali ya maisha ndiyo inayoamua, nieleze uchaguzi wa Marekani wa 2000. Uchumi ulikuwa unakwenda vizuri, bajeti ya serikali ina ziada, Gore wa Democratic ndiye makamu wa rais, na urais akaukosa, ukaenda kwa Bush mdogo. Alimkwepa bosi wake, Rais Clinton, kampeni nzima kwa kuogopa kashfa ya Clinton ya mapenzi na Lewinsky. Huo ni uamuzi wa mgombea, si wa soko.

Halafu tuambizane ukweli: wapiga kura wengi hawajui sera hata moja. Wanaangalia bei ya mayai, wanaangalia nani anazungumza kwa kujiamini, wanatumbukiza karatasi.

Bi Mkweli
Nianze na hayo mayai, maana dharau hii nimeichoka. Mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 Juni 2022. Kufikia uchaguzi ulikuwa chini ya asilimia 3, na wachambuzi wakashangaa kwa nini watu bado wananung'unika. Wananung'unika kwa sababu mfumuko ukipungua bei hazishuki, zinaacha tu kupanda kwa kasi. Kilichopanda 2022 kilibaki hukohuko juu. Huyo mnayesema hajui sera aliielewa hesabu hii akiwa mbele ya rafu za duka. Walioshindwa kuielewa ni washauri wa kampeni waliokuwa wakimwonyesha chati.

Jiwe la Msingi
Usinilishe maneno, Bi Mkweli. Sikusema mjinga, nimesema hajui sera. Mayai yenyewe yalipanda pia kwa sababu mafua ya ndege yaliua mamilioni ya kuku. Rais ana dawa gani ya kuku? Ukimwondoa mtu kwa jambo asilolidhibiti, hujapima sera, umetoa hasira.

Mzee wa Takwimu
Kijana, uongozi ndivyo ulivyo. Rais Carter hakuwateka yeye wale Wamarekani 52 kule Tehran, Iran. Jaribio la kuwaokoa lilipokwama jangwani Aprili 1980, wakafa wanajeshi wanane, hakuwa yeye anayeendesha helikopta. Alibeba mzigo. Wiki moja kabla ya kura mpinzani wake Reagan akawauliza wananchi kwenye mdahalo kama hali yao ilikuwa bora kuliko miaka minne nyuma, akaondoka na majimbo 44 kati ya 50.

Na Bush mkubwa je? Baada ya vita vya Ghuba 1991 aliungwa mkono na karibu asilimia 90. Mwaka uliofuata akapata asilimia 37 ya kura. Ushindi wa vita haukumlipia mtu kodi ya nyumba.

Kalamu Nyekundu
Bush aliangushwa na Perot, mgombea huru wa 1992, si uchumi. Asilimia 19 alizopata Perot zilitoka kwa Bush.

Mzee wa Takwimu
Hadithi hiyo imezeeka. Waliompigia Perot walipohojiwa vituoni kuhusu chaguo lao la pili, waligawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya Bush na Clinton.

Mpembuzi
Naomba turudi kwenye kampeni. Kuna jambo linanitatiza mimi mwenyewe: 2024 Harris alipoteza kura zaidi kule ambako hakukuwa na kampeni ya maana, kama New York na New Jersey, kuliko kwenye majimbo ya ushindani alikomwaga fedha na kufanya mikutano. Ina maana kampeni ilipunguza kipigo, haikutosha kukizuia. Nani ana maelezo?

Kalamu Nyekundu
Sawa, tuseme Perot hakuharibu. Nader wa chama cha Green je? Florida 2000, Bush mdogo kamshinda Gore kwa kura 537, Nader kabeba zaidi ya 97,000. Waliompigia walijua fika hashindi. Walitaka kujisikia wasafi, dunia ikalipa kwa vita vya Bush huko Iraq. Anayepigia chama cha tatu kwenye mfumo wa vyama viwili ni mtu anayejipenda kuliko nchi yake.

Bi Mkweli
Futa hiyo sentensi ya mwisho. Kura si urithi wa Gore kwamba asipopewa ameibiwa. Kwenye hiyo Florida, Wademocrat waliompigia Bush walikuwa wengi kuliko wote waliompigia Nader. Mbona hao huwalaumu? Kaunti ya Palm Beach karatasi ya kura ilipangwa vibaya, Buchanan, mgombea mwingine wa chama kidogo, akapata kura zaidi ya 3,000 katika kaunti ambayo hakuna aliyetarajia apendwe hivyo. Mbona hiyo huitaji? Na Tennessee, jimbo la Gore mwenyewe, lilikuwa na kura 11 za wajumbe, zile za majimbo zinazoamua urais kwa anayefikisha 270. Angelishinda, angevuka 270 bila Florida. Waliomfahamu kwa karibu ndio waliomkataa.

Jiwe la Msingi
Hapo kwenye Tennessee niko na Bi Mkweli, na inarudi palepale nilipoanzia: mgombea. Hillary Clinton 2016 alizidi kwa karibu kura milioni 3 nchi nzima, akazama kwa kura zisizofika 80,000 ukijumlisha Michigan, Pennsylvania na Wisconsin. Wisconsin hakukanyaga tangu alipoteuliwa na mkutano mkuu hadi siku ya kura. Hilo huwezi kuwasingizia kuku.

Kalamu Nyekundu
Sifuti kitu. Tennessee ilikuwa imeshakwenda kulia. Mwaka 1994 Warepublican walichukua ugavana na viti vyote viwili vya Seneti kwa siku moja. Gore hakuwa na uwezo wa kugeuza hilo. Nader alikuwa na uwezo wa kujitoa asubuhi yoyote.

Bi Mkweli
Na Gore alikuwa na uwezo wa kuwapa sababu ya kumpigia. Alifanya nini kuwavuta? Aliwaambia kwamba Bush ni mbaya zaidi. Huo ndio ugonjwa wa vyama viwili: kila mmoja anaishi kwa ubaya wa mwenzake, na anayedai zaidi ya hapo anaitwa msaliti.

Mzee wa Takwimu
Punguzeni moto, sote tunataka kuelewa.

Kalamu Nyekundu
Mzee, nitapunguza nikijibiwa. Achana na Florida, achana na karatasi za Palm Beach. New Hampshire 2000: Bush alishinda kwa kura 7,211, Nader akapata zaidi ya 22,000. Jimbo lile lilikuwa na kura nne za wajumbe, na Gore alihitaji tatu tu. Bi Mkweli, nijibu hiyo.