Bichi ya familia Mwanza: mbwa wangu katozwa kiingilio cha mtu mzima, halafu tukafukuzwa

Wakuu habari za jioni. Hasira hii ninayo tangu Jumapili, leo naitema.

Jina la bichi silitaji. Iko upande wa Ilemela, moja ya zile za kwenda na familia: bembea za watoto, sato wa kukaanga, muziki unapigwa mpaka spika inakoroma.

Jumamosi nilipiga simu kabisa. Nina mbwa, naweza kuja naye? Dada akanijibu, "Karibuni tu kaka, mradi awe na mnyororo." Nikamfunga mnyororo. Nikabeba na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, maana namchanja kila mwaka na najua watu huuliza. Bajaji ya kwanza ilitukataa, ya pili ikataka 15,000 badala ya 8,000. Hilo sikubishana, viti ni vya mwenzangu na mbwa wangu, Jembe, anapukutika manyoya.

Getini mtu mzima 5,000, mtoto 2,000. Mimi, mama watoto na watoto wawili. Jamaa wa tiketi akamwangalia Jembe, akafikiri kidogo, akasema na huyu alipiwe. Jumla 19,000. Risiti ninayo hapa mezani, imeandikwa "watu wazima 3". Tulicheka sana. Kumbe tunachekea hela yetu.

Tukaenda kukaa mwisho kabisa, kule kwenye mawe. Sikutaka kero. Kuna wanaoogopa mbwa, na ndugu zangu Waislamu nawaelewa zaidi, mbwa mwenye maji akijikung'uta karibu yako umeshapata kazi ya kuosha mara saba, na moja kwa udongo. Kwa hiyo pembeni, mnyororo mkononi. Hazikupita dakika 20, sato wenyewe hatujaletewa, mlinzi kafika. "Bosi kasema mbwa atoke." Kisa? Wateja wanalalamika. Wateja gani, wakati waliokuwa karibu yetu walikuwa wanapiga naye picha? Akabadilisha wimbo: mbwa anachafua maji, ataleta kichocho.

Hapo ndipo niliposimama. Kichocho cha ziwa letu hili tunakieneza sisi binadamu! Kinyesi chetu kikifika majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono, vikitoka humo vinapenya ngozi ya anayeogelea. Haya, nendeni mkaangalie vyoo vyao. Kimoja kina kufuli, cha pili hakina maji. Bichi imejaa watu tangu saa nne asubuhi wanakunywa bia na soda. Unadhani wanamalizia wapi? Lakini mchafuzi ni Jembe, ambaye hata kidole hajachovya.

Na kilichonichoma zaidi ni hiki. Chini ya meza zao walikuwepo mbwa koko wanne, nimewahesabu. Hawana kola, hawana mwenyewe, mmoja ana kidonda cha sikio kinachofuatwa na nzi. Wanagombea miba ya samaki miguuni pa watoto wa watu. Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mate, na dalili zikishaanza kwa mtu ni kuandaa mazishi tu. Nikamwonyesha mlinzi. Akanijibu, bila aibu: "Hao ni wa hapa hapa."

Wa hapa hapa!

Yaani mwenye kadi ya chanjo na risiti anatoka, wasio na chochote wanabaki. Nikaomba hela yangu, ikasemekana kiingilio hakirudishwi. Hata 5,000 ya mbwa? Hairudi, "ameshaingia".

Ningempeleka Saanane ningejilaumu mwenyewe, pale ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na mnyama wa kufuga haruhusiwi. Hilo linajulikana kabla hujapanda boti. Tulipotoka tukajaribu ufukwe wa wavuvi kule mbele, akina mama wakatutimua kabla hatujakanyaga mchanga, wameanika dagaa. Hao walikuwa na haki kabisa, nikawaomba radhi.

Ila hawa wa kiingilio, kama hamtaki mbwa si mwandike getini? Kibao na rangi ni shilingi ngapi?

Mwenye bichi kama unapita humu, jumla ni 19,000 na mtoto wangu wa miaka saba bado anauliza Jembe alifanya kosa gani. Na wadau wa Igombe au Luchelele, kama kuna sehemu mnampeleka mbwa bila maneno, niambieni. Jumapili ijayo niko huru.